Mpima Maji Anajibu: Mvua ya mwaka mzima kwa siku moja

Toleo lililopita nilikuwa namjibu msomaji mmoja kuhusu miavuli, kalamu ikateleza nikaandika kwamba mvua iliyowahi kuninyeshea vibaya kuliko zote si ya Kigoma, ni ya Cherrapunji, India, huko huko ambako watu hupanga foleni ya maji. Sentensi moja tu. Mhariri anasema tangu siku hiyo barua na ujumbe wa simu havikatiki, na wote wanauliza hilohilo. Basi mwezi huu ukurasa mzima ni wa milima ya Khasi, ilipo hiyo Cherrapunji. Walioandika kuhusu visima vya Kasulu wanivumilie.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mstaafu. Miaka 31 kazi yangu ilikuwa kusoma rula ya maji mtoni na kipimamvua uani, kwanza Uvinza, kisha Kigoma mjini. Mwaka 2004 nilipelekwa India kwa kozi ya vipimo vya maji, na wiki ya mapumziko mwezi Juni tulijikusanya wanne, mimi, Mganda, Mnepali na kijana wa Sri Lanka, tukaenda kwenye milima hiyo, jimbo la Meghalaya, kule kaskazini-mashariki kabisa. Treni siku mbili hadi Guwahati (aliyezoea Reli ya Kati hatishwi na siku mbili), halafu gari la kupanda milima. Wenzetu wengine walikwenda Taj Mahal. Hawajutii, nami sijutii.

*

*Shikamoo babu. Mwalimu wetu wa jiografia anasema mahali panaponyesha kuliko pote duniani ni Cherrapunji. Kaka yangu aliyeko chuo anasema vitabu vyetu vimepitwa na wakati, ni Mawsynram. Wamewekeana dau la kreti moja ya soda na mimi ndiye shahidi. Nani analipa? — Kidato cha tatu, Kasulu*

Marahaba, mjukuu wangu. Kreti igawanywe katikati.

Sehemu hizo mbili zinatazamana. Ndege akiruka ni kama kilomita 15 tu, ila kwa barabara unashuka na kupanda makorongo mpaka ulichokula asubuhi kinakukumbuka. Ukichukua wastani wa miaka mingi, Mawsynram inaongoza kwa milimita 11,872 kwa mwaka, na Cherrapunji inaifuata unyounyo. Hapo kaka yako kapata. Lakini mvua nyingi kuliko zote iliyowahi kupimwa ndani ya miezi 12 mfululizo ni ya Cherrapunji: milimita 26,461, kuanzia Agosti 1860 hadi Julai 1861. Hapo mwalimu kapata.

Najua mtu akianza kutaja milimita watu husinzia. Mimi nimezisoma kila siku saa 3 asubuhi, sikukuu na msiba, kwa hiyo nivumilie kidogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Hapa Kigoma mwaka wa kawaida hutupatia karibu milimita elfu moja. Kama maji hayo yasingekimbia wala kunywewa na ardhi, Desemba mtu mzima angekuwa anatembea yakiwa kiunoni. Zile 26,461 ni karibu mita 26 na nusu. Mchikichi mrefu kuliko yote unaoujua ungezama, na mkwezi akiwa juu yake angezama nao. Julai ile ya 1861 peke yake ilileta milimita 9,300, yaani mvua yetu ya miaka tisa ndani ya mwezi mmoja.

Na usidhani ni mambo ya kale tu, ya enzi Burton na Speke wametoka Ujiji juzijuzi. Tarehe 17 Juni 2022 Mawsynram ilipimwa milimita 1,003.6 kwa saa 24. Mvua yetu ya mwaka mzima, kwa siku moja. Nilipoisoma habari hiyo sikuiwazia milima wala mito, nilimwaza yule msomaji wa kipimamvua. Chombo kinajaa, unapima, unaandika, unamwaga, ukigeuka kimejaa tena, na daftari lazima libaki kavu. Nilimwonea huruma, na nikisema kweli nilimwonea na wivu.

Kwa nini pale? Fungua atlasi. Kusini mwa milima hiyo kuna Bangladesh, nchi tambarare kama mkeka, na baada yake Ghuba ya Bengal. Upepo wa msimu unatoka baharini umebeba unyevu, unavuka mamia ya kilomita bila kukutana hata na kichuguu, halafu ghafla mbele yake unasimama ukuta wa mawe wa mita elfu moja na mia tatu na zaidi. Hauna pa kupita ila juu. Hewa ikipanda hupoa, ikipoa hutua mzigo. Na ukuta wenyewe umekatwakatwa na makorongo yaliyo mapana mdomoni na membamba kooni, upepo ukiingia humo unabanwa na kusukumwa juu kwa nguvu zaidi. Shillong, mji mkuu wa jimbo, uko nyuma ya ukuta huo, kilomita hamsini na kitu kwa barabara, na unaambulia kama sehemu moja ya tano tu ya mvua ya Cherrapunji. Tulilala Shillong tukaamka na manyunyu, tukasema mbona tunatishwa bure. Saa mbili baadaye dereva hakuiona pua ya gari lake.

Nyongeza mbili. Wenyeji hawasemi Cherrapunji, wanasema Sohra. Waingereza ndio waliolitamka kwa shida hadi likageuka. Mtihani ukija andika la kitabuni, ukifika huko sema Sohra na utapewa kiti. Pili, mkulima wa kule hashiki mwavuli. Anavaa kitu kinaitwa *knup*, kimesukwa kwa mianzi na majani, kama gamba la kobe kutoka kichwani hadi kiunoni, ili ainame shambani mikono yote miwili ikiwa huru. Nilinunua mmoja nikarudi nao. Watoto wa mtaa walinicheka wiki nzima, kisha mke wangu akaugeuza kifuniko cha dagaa pale mvua inapomkuta ameanika uani. Mpaka leo ndiyo kazi yake.

*

*Mpima, habari za kustaafu. Nina boti ya abiria hapa Kibirizi. Kijana wangu kanionyesha kwenye simu picha ya mtumbwi uko hewani, kivuli chake kimelala chini juu ya mawe. Anasema ni mto wa India. Nimemwambia hayo ni maujanja ya kompyuta. Nimemwonea? — Nahodha, Kibirizi*

Umemwonea, nahodha. Mnunulie hata mgebuka mmoja. Huo ni mto Umngot, pale Dawki, mpakani na Bangladesh. Kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, mvua zikiwa zimekata, maji yake huonekana kama kioo kilichofutwa: unahesabu kokoto, unaona samaki na kivuli cha samaki. Kitanda cha mto ni mawe na kokoto tupu, tope ni kidogo, na mkondo ukipungua nguvu hakuna kinachovurugwa.

Lakini mimi niliuona Juni. Nahodha wangu, ulikuwa rangi ya chai ya maziwa! Nilisafiri siku zote hizo na picha ya kalenda mfukoni, nikasimama juu ya daraja lao la kuning'inia, lililojengwa mwaka 1932, nikatazama maji ambayo Malagarasi ya mwezi wa nne ingeyaonea haya. Muuza chai mmoja aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuunga, mto pia unakwenda kazini, rudi wakati wa likizo yake. Ukisimama darajani hapo milima iko mgongoni kwako, na mbele, pasipo hata kilima cha kuagana, inaanza Bangladesh. Maji yote yale ya Sohra na vilima jirani hushukia huko. Hakimiliki ya mvua ni ya Khasi, mafuriko ni ya jirani.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa maji nitakuongezea. Kwa Kikhasi, lugha ya wenyeji wa milima hiyo, *um* ni maji, ndiyo maana mito yao mingi ni Um-hivi na Um-vile: Umngot, Umkhrah, Umiam. Umiam, wanasema, maana yake ni maji ya machozi, na huo ulizibwa kwa bwawa la umeme miaka ya 1960, sasa ni ziwa zuri njiani kwenda Shillong. Nilicheka kwa sababu na sisi tuna desturi hiyohiyo, hatujiulizi tu: Luiche, Luegele, Lukuga, Ruchugi, Rugufu. Sikiliza zinavyoanza.

Halafu jambo ambalo picha za simu hazisemi. Katika jimbo hilohilo, upande wa Jaintia, kuna mto Lukha. Msimu wa baridi kila mwaka hugeuka bluu ya ajabu, bluu ya kitenge kipya. Ukiweka picha yake pembeni ya Umngot utachagua Lukha. Samaki wamekufa humo. Kinacholaumiwa ni maji yanayotoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe juu yake: maji yakigusana na mawe yenye salfa na hewa huwa tindikali, tindikali hushuka na vijito. Uchimbaji wenyewe ni wa mashimo membamba ambayo mtu huingia kwa kutambaa, wanayaita mashimo ya panya. Mahakama ya mazingira ya India iliupiga marufuku Aprili 2014. Hata hivyo, tarehe 13 Desemba 2018, huko Ksan, maji ya mto Lytein yalivunja ukuta yakawafuata watu 15 ndani ya shimo. Nimefanya kazi ya mito maisha yangu yote na habari hiyo sikuweza kuimaliza kwa kusoma mara moja.

*

*Assalaam alaykum, kaka Mpima. Binti yangu aliyeolewa Dar ananiambia kuna poromoko India lina jina la mwanamke aliyejirusha baada ya kulishwa mwanawe mwenyewe. Tangu aniambie silali vizuri. Ni kweli au ni hadithi za kwenye simu? — Mama wa mawese, Ujiji*

Waalaykum salaam, dada yangu. Poromoko ni kweli, nimekaa mbele yake. Kisa ni cha wazee wao, kama sisi tulivyo na visa vya majini wa ziwani. Ukihadithiwa usiku kaa karibu na taa.

Linaitwa Nohkalikai. Ligawanye: *noh* ni kuruka, *Ka* ni alama ya jike katika lugha yao, *Likai* ni jina. Alikoruka Likai. Wanasimulia kwamba Likai alikuwa mama kijana, mumewe akafa akamwachia binti mchanga. Enzi hizo milima hiyo ilikuwa na wafua chuma, na Likai akawa mpagazi, anabeba chuma mgongoni kutwa, jioni anarudi kumkumbatia mwanawe, hana muda wa kingine. Watu wakamshauri aolewe tena, mtoto apate baba. Akaolewa. Mume mpya akaona mapenzi yote yanakwenda kwa mtoto. Siku moja Likai yuko kazini, akamuua, akampika, akatupa kichwa na mifupa. Mama karudi na njaa, kakuta chakula tayari na nyumba kimya. Akala. Alipomaliza akavuta kikapu cha tambuu, kama wanawake wa Ujiji wa zamani walivyokuwa wakifanya baada ya chakula, bibi yangu akiwemo. Ndani ya kikapu, penye popoo, akakuta kidole kidogo. Alikimbia na panga mkononi, akili imemtoka, mpaka genge lilipoisha.

Nilipokisikia mara ya kwanza nilidhani ni kisa cha kumtisha mwanamke asiolewe mara ya pili. Mama mmoja wa Sohra, mwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma pale kwenye kitazamio, alinikataza kukichukua hivyo. Kwao, alisema, ukoo ni wa mama. Watoto huchukua jina la ukoo wa mama yao, na binti wa mwisho, wanamwita *ka khadduh*, ndiye anayerithi nyumba na kuwatunza wazee. Mume ndiye anayehamia kwa mke. Kwa hiyo yule mwanamume, alisema, aliingia katika nyumba isiyo yake akaua urithi wa nyumba. Nimekaa na maneno hayo tangu mwaka huo. Nawe dada yangu, uliyejenga kwa mawese yako mwenyewe, utayaelewa haraka kuliko mimi.

Poromoko lenyewe: mita 340, maji yanaanguka moja kwa moja bila kugusa mwamba, refu kuliko yote ya namna hiyo India. Tulifika saa 4 asubuhi, ukungu mzito kama shuka la hospitali. Tunalisikia, hatulioni. Mganda akasema twende, Mnepali akasema milima ni yake, anaijua, tungoje. Tukala mahindi. Tukangoja saa mbili kasoro. Halafu upepo ukalivuta lile shuka kutoka chini kwenda juu, na mstari mweupe ukatokea, mrefu mpaka shingo inauma. Kama dakika nne, tano. Kisha ukarudi. Yule mama wa mahindi hakugeuka hata kutazama.

*

*Mpima, umri umekuchezea. Ulisema kwenye lile jibu la mwavuli kwamba Cherrapunji watu hupanga foleni ya maji. Sisi wa Tabora ambao tumengoja maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria mpaka tukaota mvi tunajua ukame. Panaponyesha hivyo foleni ya nini? — Mwalimu mstaafu, Tabora*

Mwenzangu mstaafu, umri unanichezea kweli, lakini si hapo. Kila mwaka, Desemba mpaka Machi hivi, akina mama wa Sohra hushuka na ndoo kutafuta chemchemi. Wenyewe wanapaita jangwa lenye maji.

Fikiria paa la bati na fikiria godoro. Vimwagie maji sawasawa. Sohra ni bati. Udongo ni mwembamba, mvua za karne na karne zimeukwangua, misitu mingi imekatwa, na chini yake ni mawe, mengi yakiwa ya chokaa yenye mapango marefu. Mvua ikishuka nusu inakimbilia Bangladesh na nusu inapotelea mapangoni. Na kwa kuwa karibu yote hunyesha ndani ya miezi michache, miezi mingine hakuna cha kushika. Hata Nohkalikai ya dada yetu wa Ujiji wakati wa kiangazi hubaki uzi.

Nawe Tabora, na misitu yenu ya miombo, mlikuwa na godoro zuri. Sitaki kugombana kuhusu tumbaku na kuni za kuikaushia, ila nimelitaja.

Na usidhani nacheka nikiwa nimeshiba maji. Naishi juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, naliona nikiwa kitandani. Mwaka jana bomba langu lilikauka siku 19. Nilienda kuuliza kwenye ofisi moja, sitaitaja, kijana akaniambia kwa adabu kabisa, mzee, maji yapo mengi, tatizo ni kuyafikisha. Nikamwambia hiyo sentensi nimeisikia Sohra.

Sasa nikumalizie na kitu cha kuwasimulia wanafunzi wako wa zamani. Karibu na Sohra kuna pango linaitwa Mawmluh. Ndani yake maji yenye chokaa hudondoka tone kwa tone, na chokaa hujijenga kama mshumaa kutoka sakafuni, tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka. Wanajiolojia walichukua mshumaa mmoja wakausoma kama mimi ninavyosoma daftari la mvua. Wakakuta mahali ambapo mvua za msimu zilidhoofika ghafla, miaka kama 4,200 iliyopita, wakati ukame mkali ulipozipiga nchi nyingi. Mwaka 2018 wanajiolojia wa dunia wakakubaliana kwamba kipindi chote kuanzia hapo mpaka leo hii unaposoma kiitwe Zama ya Meghalaya. Jina hilo kwa Kisanskriti ni makao ya mawingu. Makao ya mawingu ndiyo yaliyotunza kumbukumbu ya ukame. Mimi na wewe, mwalimu, tumezaliwa katika zama hiyo na hatukuambiwa.

*

*Nimesoma kuna Maporomoko ya Tembo huko Shillong. Tembo wanaoga hapo? — Mpenda wanyama, Uvinza*

Hapana. Kulikuwa na mwamba unaofanana na tembo, Waingereza wakapaita hivyo. Tetemeko kubwa la tarehe 12 Juni 1897 likauvunja. Wenyeji walikuwa na jina lao la maporomoko ya ngazi tatu, na ngazi bado zipo zote.

*

*Mzee Mpima, kijito chetu huku Kibondo kila masika kinabeba daraja la magogo, watoto hawaendi shule. Nimeona picha za madaraja ya mizizi ya miti hai huko India. Tunaweza kuotesha letu? Mikuyu tunayo kandokando. — Mkulima, Kibondo*

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na jibu langu halitakufurahisha lote.

Yale madaraja ni kweli, wanayaita *jingkieng jri*. Mti ni ule mpira wa majani mapana yanayong'aa, uliozoea kuuona umepandwa kwenye nyumba za zamani za serikali, *Ficus elastica*. Huo hushusha mizizi kutoka matawini. Wakhasi wa mabonde ya kusini huikamata mizizi ingali laini, wanaipitisha juu ya kijito, mara nyingi ndani ya shina la mpopoo lililopasuliwa na kutolewa moyo, mpaka ishike udongo wa ng'ambo. Kisha wanaisuka, wanaongeza mingine, wanajaza mawe ya kukanyaga. Daraja la magogo linaoza tangu siku ya kwanza, hili linanenepa. Mafuriko yanapita katikati ya mizizi. Mwaka 2022 India iliyaweka kwenye orodha ya kupendekezwa urithi wa dunia kwa UNESCO.

Maarufu kuliko yote liko kijiji cha Nongriat, ni la ghorofa mbili, moja juu ya jingine juu ya kijito kimoja. Unalifikia kwa kushuka ngazi za mawe zaidi ya 3,000 kutoka Tyrna. Kushuka nilishuka nikiimba. Kupanda, kijana wa Sri Lanka alinibebea mkoba, kisha akanibebea viatu, na nadhani angeweza angebeba na mimi. Tulipitwa na bibi mwenye kikapu cha popoo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, hata pumzi haimwendi mbio.

Sasa hesabu. Tangu kupitisha mzizi wa kwanza mpaka daraja libebe watu kwa uhakika ni miaka 15 hadi 30. Mwanao wa darasa la pili atalivuka akimpeleka mwanawe shule. Tena mkuyu wetu haushushi mizizi kutoka matawini, kwa hiyo hautakusaidia kuvuka, ingawa kwa kushika kingo za kijito hauna mpinzani na usimruhusu mtu aukate. Ushauri wangu: kwa masika yanayokuja endeleeni kukidai kijiji daraja la zege au la kamba za chuma, kwa maandishi, na nakala mbaki nayo. Na wiki hiyohiyo pandeni mipira miwili, ng'ambo hii na ng'ambo ile, mbali kidogo na maji. Nikwambie nilichokipenda zaidi Nongriat: kila niliyemuuliza nani aliotesha daraja lile alinitajia ukoo, hakuna aliyenitajia mtu.

*

*Unatusifia maporomoko ya watu. Ya kwetu huyaoni? — Bila jina*

Nayaona. Kalambo, pale Rukwa mpakani na Zambia, ni zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja na maji yake yanaishia ziwani kwetu. Kakombe, ndani ya Gombe, ni dogo, lakini sokwe dume hulichezea, hubembea kwenye mimea itambaayo na kurusha mawe mtoni, na ndiko Jane Goodall alikowatazama. Malagarasi haina mruko wa kujivunia kwa sababu imezeeka na busara: inazurura mabwawani kwanza, inashuka taratibu, hatua ya mwisho tu ndiyo inayopiga kelele pale Igamba. Mto wa Khasi unaimaliza safari yake yote ya kushuka asubuhi moja. Malagarasi ilinipa mshahara miaka 31, sijaisahau, bila jina mwenzangu.

*

*Shikamoo babu. Mimi niko darasa la tano Gungu. Nataka kupima mvua kama wewe. Nifanyeje? Baba amesema hanunui kitu. — Mjukuu wako*

Marahaba, mwanangu. Baba hatanunua kitu.

Tafuta kopo la maziwa ya unga, lile lililonyooka kuanzia mdomoni hadi chini, lisilo na kutu. Lifukie nusu kwenye mchanga lisianguke, mahali peupe, mbali na mwembe na mbali na paa, maana maji yanayodondoka kutoka kwenye bati si mvua, ni mvua ya nyumba nzima. Kuku wazuie. Kila siku saa 3 asubuhi, Jumamosi na Jumapili mtu yeyote wa nyumbani akusaidie kukumbuka, simamisha rula yako ya shule ndani ya kopo mpaka iguse chini. Kama rula yako haianzii sifuri kwenye ncha, ongeza kile kipande. Andika tarehe na milimita, kisha mwaga. Siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi. Wengi huacha wazi na hapo ndipo daftari linapoharibika, kwa sababu baadaye hujui kama hapakunyesha au ulilala.

Anza mvua ya kwanza ya msimu huu. Mwezi wa nne mwambie baba akulete kwangu na daftari. Nami bado nina kipimamvua uani, tutakaa tulinganishe Gungu na Ujiji, siku kwa siku.